Kodi ya Pango

Ramani ya wilaya imeandika Kwasemkuja.
Ni Kwasemkuya. Herufi moja tu, wanasema ofisini Handeni,
na mimi sikuwaambia kwamba herufi hiyo
ndiyo ninayosainia mshahara.
Nimetumwa kupima mashamba. Nimekuja kupima.

Alishuka stesheni ya Korogwe mwaka wa arobaini na sita,
Koplo Mbwana Semkuya wa Keya,
buti, koti zito la jeshi, kibali cha kuachishwa,
na sikio la kushoto ambalo kombora la Bama
lilikuwa limelifunga moja kwa moja.
Nyapara wa mkonge aliyaona mabega yake, akamwita.
Akageuza sikio zima, akasikiliza bei,
akasema: Nimeshahesabiwa vya kutosha.

Siku mbili kwa miguu, yeye na mkewe Chausiku,
jembe moja, mapanga mawili, debe la mbegu.
*Babu alikuta pori.*
Hivyo tulivyofundishwa nyumbani, karibu na dua ya kulala.
Babu alikuta pori, akafyeka.
Alilala darini juu ya dungu akifukuza nguruwe kwa makopo,
mbung'o wakamalizia ng'ombe wake wanne,
nishani akaifunga shingoni mwa beberu,
kengele isiyolia,
na watu wakaja mmoja mmoja kuomba kipande
wakapewa, mahali pakaitwa kwake.

Nishani ile niliishika. Beberu sikumkuta.

Lakini Bibi Chausiku, mwaka aliokufa,
alimwambia shangazi jambo jingine, akimenya mihogo.

Siku ya nne panga liligonga jiwe.
Akafyeka pembeni: la pili. La tatu.
Meusi kwa ndani.
Nikamwambia, baba, Mungu katupa mafiga, lete chungu.
Yule mtu wa vita akakaa chini kwenye majivu ya zamani.
Akasema, kule Bama tuliingia kijiji,
hakuna mtu, sufuria iko jikoni,
wali bado unatoa moshi.
Wenzangu waliogopa sumu.
Mimi nilikula, Chausiku. Nilikula mpaka ukoko.

Kesho yake aling'oa nguzo alizokwisha kuchimbia,
akahamisha nyumba hatua arobaini.
Akayazungushia mafiga yale minyaa.
Kila mavuno, kabla ya mtu kuonja,
alipeleka unga, kiganja kimoja.
Ukiita tambiko alikasirika.
Kodi, alisema. Kodi ya pango.

Nani alipika pale? Walikimbia nini,
njaa, ndui, wale waliokuja kukamata wapagazi
katika vita iliyotangulia ya kwake?
Hakuna aliyerudi kudai.
Alingoja. Shangazi anasema
mpaka uzeeni alikaa akielekeza njiani
lile sikio linalosikia.

Sasa kijana wa bikoni amechoka, jua la saa saba,
Mjomba Sekiete ananihimiza: Andika Semkuya, twende tukale.
Minyaa imekuwa mirefu kuliko nyumba.
Nimeingia kwa magoti, nikachubuka, maziwa yake yakanidondokea,
nimefumba macho yasije yakaharibika,
nikayagusa kwa mkono: moja, mawili,
la tatu limezama, ncha tu.

Mkobani, chini ya betri, nina unga kwenye nailoni.
Shangazi alinipa bila kusema ni wa nini.

Nimepima shamba lote kwa jina la ukoo wangu,
sijakataa, tuna watoto wa kusomesha.
Nimebakiza hatua sita kwa sita.
Mashine inauliza: mmiliki?
Naacha wazi.
Inauliza tena.
Mjomba anaita kutoka barabarani,
nami, mwenye masikio mawili mazima,
nimeinama bado, kiganja kimejaa,
sijui niseme hodi kwa lugha gani.